Panga za Mianzi za Steveston

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kupewa historia ya shule yetu, mabweni yake na wale waliotutangulia. Safari hii naomba ruhusa niwatoe nje kidogo, niwafikishe pwani ya magharibi ya Kanada, kwenye kijiji cha wavuvi kiitwacho Steveston, ambacho leo kimo ndani ya mji wa Richmond, pale mto Fraser unapoingia baharini. Huko kipo chama cha mchezo wa kendo. Nimekichagua kwa sababu wanachama wake walipata kutawanywa kwa amri ya serikali, na bado chama kipo.

Kendo ni mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa upanga, ila upanga wenyewe si wa chuma bali ni vipande vinne vya mwanzi vilivyofungwa pamoja kwa ngozi. Huitwa shinai. Mchezaji huvaa kofia yenye wavu wa chuma mbele ya uso, kinga ya kifua, kinga ya nyonga na glavu nene. Mahali pa kulenga ni panne tu: kichwani, kwenye kifundo cha mkono, ubavuni na kooni. Lakini kugusa peke yake hakutoshi. Sauti, upanga na hatua ya mguu havina budi kufika kwa pamoja, na baada ya pigo mpigaji abaki macho, tayari kwa lolote. Akishangilia pointi yake, waamuzi humnyang'anya. (Wazieni ligi zetu za kandanda chini ya sheria hiyo!) Daraja la juu linalofanyiwa mtihani ni la nane, na mtu haruhusiwi kulijaribu kabla ya kutimiza miaka 46, wanaofaulu ni kama mmoja katika mia. Kwa hiyo wale tuliomaliza shule pamoja ndio kwanza tungeanza kufikiriwa.

Huko Japani kwenyewe mchezo huu ulikwisha kuponea chupuchupu mara moja. Mwaka 1876 serikali ilikataza watu wa tabaka la samurai kuvaa panga, na wengi walidhani elimu yake itakufa. Ikaokolewa na polisi wa Tokyo walioifanya sehemu ya mafunzo yao, kisha na chama kikubwa kilichoundwa Kyoto mwaka 1895, Dai Nippon Butoku Kai. Mwaka 1911 ikaruhusiwa kuingia katika shule za sekondari.

Wakati huo Wajapani walikuwa wamekwisha kuhamia Steveston kwa wingi, hasa kutoka kijiji cha Mio katika wilaya ya Wakayama, ambako mwenzao mmoja alitangulia mwaka 1888 na kuwaandikia nduguze jinsi mto ulivyojaa samaki wa samoni. Walivua, wake zao wakafanya kazi katika viwanda vya kusindika samaki, na wakajijengea hospitali yao wenyewe. Hawakupendwa. Mwaka 1922 tume ya serikali ilipendekeza leseni zao za uvuvi zipunguzwe kwa asilimia 40, na kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kupiga kura, hata wale waliozaliwa papo hapo. Katika hali hiyo wazee waliwafundisha watoto wao kendo. Watoto walikuwa wakizungumza Kiingereza shuleni na mitaani, na wazazi waliona kuwa jioni za mazoezi, pamoja na kuinamiana kwake na utii kwa mwalimu, zingewabakizia adabu za kwao.

Kisha vita ikaja. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, serikali ya Kanada ilikamata boti za wavuvi hao, kama 1,200 hivi. Tarehe 24 Februari 1942 ikatolewa amri namba P.C. 1486, na kwa nguvu yake watu wote wa asili ya Kijapani wakaondolewa katika ukanda wa kilomita 160 kutoka baharini. Walikuwa zaidi ya 21,000, na robo tatu yao raia wa Kanada. Wengi walihifadhiwa kwanza katika mabanda ya mifugo ya uwanja wa maonyesho wa Hastings Park, Vancouver. Kutoka hapo familia zilipelekwa kwenye vijiji vya machimbo vilivyohamwa huko bara, wanaume wengine kwenye kambi za kujenga barabara, na wengine kulima viazisukari Alberta. Nyumba na boti zao ziliwekwa mikononi mwa afisa aliyeitwa Msimamizi wa Mali za Adui, na Januari 1943 akapewa mamlaka ya kuziuza bila idhini ya wenyewe. Mimi nimekaa na mafaili ya serikali karibu miaka ishirini, na sijui lugha ambayo kutunza na kuuza ni neno moja.

Ndani ya mkasa huo kendo iligeuka kuwa hatari. Nchini Marekani walimu wa kendo walikuwa miongoni mwa waliokamatwa mapema, na katika pwani ile yote watu walichoma au kufukia vitu vya Kijapani visije vikawa ushahidi. Hata hivyo hakuna Mkanada mmoja wa asili ya Kijapani aliyepata kushtakiwa kwa ujasusi au hujuma.

Ajabu ni kwamba baada ya 1945 kendo ilipigwa marufuku Japani kwenyewe, na majeshi yaliyoikalia nchi. Butoku Kai ilivunjwa mwaka 1946. Kwa marufuku hiyo sina ugomvi mkubwa: wanajeshi waliotawala Japani walikuwa wameugeuza mchezo huo kuwa darasa la vita mashuleni. Lakini watoto wa wavuvi wa Steveston hawakuwa na jeshi. Wajapani walitafuta njia ya pembeni. Mwaka 1950 wakatunga mchezo uitwao shinai kyogi, wenye mavazi mepesi, bila kelele wala kukanyaga sakafu kwa kishindo, ili uonekane kama michezo mingine. Mwaka 1952 shirikisho jipya la kendo liliundwa, na mwaka uliofuata kendo ikarudi shuleni.

Waliohamishwa Kanada waliruhusiwa kurudi pwani tarehe 1 Aprili 1949, miaka minne baada ya vita kwisha. Wengi hawakurudi kamwe. Kama 4,000 walikuwa wamekwisha kupelekwa Japani, nchi ambayo baadhi yao hawajapata kuiona. Waliorudi Steveston walikuta nyumba zao zina wenyewe wengine, wakaanza upya kuvua. Na kabla hawajatajirika wakaanza upya na mazoezi. Mwaka 1970 shirikisho la kimataifa liliundwa na nchi 17, na mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Japani. Miaka miwili baadaye, 1972, Steveston ilipata jengo lake la michezo ya kujihami, lililojengwa kwa mtindo wa Kijapani, na chama cha kendo kikahamia humo.

Serikali ya Kanada iliomba radhi tarehe 22 Septemba 1988 na kukubali kumlipa kila mhanga aliyekuwa bado hai dola 21,000. Wakati huo jengo lile lilikuwa na umri wa miaka 16, na katika mazoezi ya jioni walikuwamo wajukuu wa wale waliolala Hastings Park. Leo wanaojifunza hapo si wa asili ya Kijapani peke yao. Anayeanza hapewi kofia wala kinga. Huanza na hatua za miguu, miguu mitupu juu ya sakafu, mbele na nyuma, mpaka mwalimu aridhike.