Boksi Lililobeba Nusu ya Gemu

Mwaka 1998, waliocheza Metal Gear Solid kwenye PlayStation walifika mahali wakakwama. Shujaa wao, Snake, anaambiwa amtafute kwa redio mwanamke aitwaye Meryl. Mzee anayemwagiza haikumbuki namba ya masafa. Anachojua ni kwamba iko nyuma ya kasha la CD. Kwa kuwa mzee huyohuyo ametoka kumkabidhi Snake diski, wengi walihangaika kuipekua ndani ya gemu, wakatoka mikono mitupu. Namba ilikuwa kwenye kasha halisi la plastiki, lile lililotupwa mezani au chini ya kitanda. Nyuma yake, katika mojawapo ya vile vipicha vya kuitangaza gemu, ilisomeka 140.15.

Aliyekuwa na kasha aliligeuza, akacheka, akaendelea na safari. Aliyenunua diski ya kunakiliwa ndani ya bahasha tupu ya nailoni, kama zilivyouzwa kwa wingi mitaani Afrika Mashariki, alibaki akizungusha namba moja baada ya nyingine.

Mabishano kuhusu boksi la gemu, litunzwe au litupwe, kwa kawaida huishia kwenye nafasi kabatini na bei sokoni. Historia ya gemu zenyewe ina jibu zito kuliko hayo. Kwa miaka mingi watengenezaji walitia ndani ya boksi kile ambacho mashine ilishindwa kukibeba, na aliyetupa boksi alitupa sehemu ya gemu.

Mwanzoni hata boksi halikuwapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Richard Garriott, kijana wa Texas, alitengeneza gemu iitwayo Akalabeth. Nakala za kwanza ziliuzwa kwenye duka la kompyuta alilokuwa akifanyia kazi, zikiwa ndani ya vifuko vya nailoni, na jalada lilichorwa na mama yake. Mwaka 1980 Ken na Roberta Williams waliiuza Mystery House kwa mtindo huohuo: diski na karatasi, basi. Lakini Garriott alitaka zaidi. Alipotafuta kampuni ya kumtolea Ultima II, iliyotoka 1982, alishikilia kwamba ndani ya boksi kuwe na ramani ya kitambaa, ili mchezaji aitandaze mezani na kujua aendako.

Atari nao walikuwa na shida yao. Mashine waliyoitoa mwaka 1977, iliyokuja kuitwa Atari 2600, ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi yenye baiti 128 tu, kiasi kwamba herufi za sentensi hii peke yake zingeijaza zikamwagika. Katika gemu yao ya Adventure shujaa ni mraba mdogo mmoja, na majoka yanafanana na bata. Ndiyo maana kampuni iliwapa wachoraji kama Cliff Spohn kazi ya kupaka rangi majalada yenye wapiganaji, meli za angani na magari ya mashindano. Mtoto alilitazama jalada kwanza, kisha akakaa mbele ya televisheni, na ule mraba mdogo ukapata uso na upanga.

Jambo moja halikuandikwa kwenye maboksi hayo: jina la aliyetengeneza gemu. Warren Robinett aliyeitengeneza Adventure alilificha jina lake katika chumba cha siri ndani ya gemu yenyewe. Watengenezaji wenzake wanne waliihama Atari, na mwaka 1979 Activision ikaanzishwa. Huko walilipa deni hilo kwa karatasi. Vijitabu vya Activision vilitaja jina la mtengenezaji na kumpa nafasi ya kumshauri mchezaji. Aliyefungua Pitfall! ya 1982 alimkuta David Crane akizungumza naye. Kaseti ya plastiki iliyobaki peke yake haisemi hayo.

Hakuna aliyelitumia boksi kwa ustadi kuliko Infocom, kampuni ya Cambridge, Massachusetts, iliyoandika gemu za maneno matupu, bila picha hata moja. Mwaka 1982 Marc Blank alipoandika Deadline, hadithi ya upelelezi wa kifo cha tajiri mmoja, maelezo yalizidi nafasi ya diski. Yaliyozidi yakahamia kwenye karatasi. Mnunuzi alifungua jalada mfano wa faili la polisi akakuta mahojiano ya mashahidi, ripoti ya maabara, picha ya chumba alimofia marehemu, na kifuko chenye vidonge vichache vilivyosemekana kuokotwa karibu na maiti. Kabla ya kuiwasha kompyuta alikuwa tayari mpelelezi.

Mtindo huo ukawa utambulisho wa kampuni. Boksi la The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, la 1984, lilikuwa na miwani ya karatasi nyeusi isiyopitisha mwanga, kitita cha vumbi la mfukoni, na kifuko cha plastiki kilichodaiwa kuwa na kundi zima la meli za vita za angani, ndogo mno zisionekane kwa macho. Kifuko kilikuwa kitupu. Leo mtu akiuza boksi hilo, mnunuzi makini huuliza kama kile kifuko kitupu bado kimo.

Vitu hivyo vilikuwa pia kufuli. Diski ilinakiliwa kwa dakika chache. Vidonge na ramani havikunakiliwa kirahisi. Watengenezaji wengine walilifanya hilo waziwazi, kama wale wa The Secret of Monkey Island ya 1990, iliyokuja na gurudumu la karatasi lenye nyuso za maharamia. Mchezaji alilizungusha mpaka uso ulingane na ule ulio kwenye kioo, akasoma mwaka uliotokea tunduni, akauandika, ndipo akaruhusiwa kuingia.

Basi kwa nini maboksi mengi yalipotea? Sababu ya kwanza ni karatasi yenyewe. Gemu za Nintendo huko Marekani zilikuja katika maboksi ya kadibodi, na mtoto aliyepewa zawadi ya Krismasi aliyachana ili aifikie kaseti. Washindani wao Sega walitumia makasha magumu ya plastiki, na ndiyo maana mpaka leo gemu za zamani za Sega hupatikana zikiwa na makasha yake kwa urahisi zaidi. Sababu ya pili ni maduka ya kukodisha. Kaseti iliyopita mikononi mwa watoto wa mtaa mzima hurudi bila kijitabu. Mwaka 1989 Nintendo iliishtaki kampuni ya kukodisha ya Blockbuster kwa kurudufu vijitabu vya maelekezo na kuwapa wateja nakala, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Bila zile kurasa chache, gemu haikukodisheka vizuri.

Kisha pesa zikaingia. Gemu iitwayo Stadium Events, ya 1987, iliondolewa madukani mapema, Nintendo ilipoitoa upya kwa jina jingine. Mwaka 2010 mama mmoja wa North Carolina aliuza mashine ya zamani ya Nintendo pamoja na gemu chache kwa dola 13,105, kwa sababu Stadium Events ilikuwamo pamoja na boksi lake. Mwaka 2021 Super Mario Bros. ambayo haijawahi kufunguliwa iliuzwa kwa mnada dola 660,000. Ilinunuliwa 1986 iwe zawadi ya Krismasi, ikasahauliwa kwenye droo ya meza. Miezi mitatu baadaye Super Mario 64, nayo haijafunguliwa, ikafika dola milioni 1.56.

Bei hizo zimewafundisha watu kutunza, na zimewafundisha vibaya. Boksi la mnadani hufungiwa ndani ya kasha jingine la plastiki ngumu na kupewa alama ya ubora wake. Kijitabu kilichomo hakisomwi tena na mtu yeyote, na ramani haitandazwi. Ni kama kanga iliyohifadhiwa sandukuni ikiwa imekunjwa na bado ina bei ya dukani: maandishi yake hayajawahi kusomwa.

Utunzaji wenye faida kwa wengine uko kwingine. Stephen Cabrinety, Mmarekani aliyefariki 1995 akiwa na miaka 29, alikusanya maelfu ya gemu na programu pamoja na maboksi yake wakati watu wengi waliziona takataka. Chuo Kikuu cha Stanford kikauchukua mkusanyiko huo, na baadaye kazi ya kunakili diski ikaenda sambamba na kupiga picha maboksi. Huko Rochester, New York, jumba la makumbusho la The Strong nalo linahifadhi gemu pamoja na karatasi zake. Kazi hiyo ina haraka. Utafiti uliotolewa 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena kihalali kama bidhaa mpya.

Boksi lenyewe limekonda. Mwaka 2010 Ubisoft ilitangaza kuachana na vijitabu vya karatasi. Machi 2023 Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine za 3DS na Wii U, na gemu zilizouzwa humo pekee hazikuacha hata kipande cha kadibodi. Kwa mwenye kabati Dar es Salaam au Mombasa, zile za zamani zinahitaji ulinzi wa kawaida tu: mbali na jua la dirishani, mbali na sakafu yenye mchwa na mende, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kijitabu kipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, maana hewa ya pwani haiisamehe karatasi.

Ukifungua boksi la StarTropics, gemu ya Nintendo ya 1990, unakuta barua. Imeandikwa na mjomba kwa mpwa wake Mike, na inasomeka kama barua yoyote. Mbele sana ndani ya gemu mchezaji anaambiwa ailoweshe barua hiyo majini. Aliyeitii amri hiyo alichota maji kwenye bakuli, akaitumbukiza karatasi, na namba 747 ikajitokeza. Wakusanyaji wa leo huulizana kwanza kama barua ipo, kisha kama ililoweshwa. Ile iliyoloweshwa ina mikunjo mahali maji yalipokaukia, na wakati mwingine alama ya kidole cha mtoto aliyeishika kabla haijakauka, siku aliyofika sehemu ile ya gemu.