Uchaguzi wa serikali za mitaa, Funyula

Uchaguzi wa serikali za mitaa Funyula ni ule unaowapata viongozi wa wadi na wa kaunti katika eneobunge hili la Wasamia, ambao ni Waluhya, Kaunti ya Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Hadi mwaka 2013 Funyula ilikuwa na baraza lake la mji, sawa na Nambale, Malaba na Port Victoria. Busia ilikuwa manispaa yenye meya. Mpiga kura alimchagua diwani wa wadi yake, basi. Meya au mwenyekiti alipatikana kwa kura za madiwani wenyewe, wakiwemo walioteuliwa na waziri. Kura chache hivyo hununulika, na kote nchini haikuwa ajabu kusikia madiwani wamefichwa hotelini mkesha wa kumchagua meya.

Katiba ya 2010 iliyafuta mabaraza hayo na kuunda kaunti 47. Aliyeshika Wizara ya Serikali za Mitaa mwishoni mwa enzi hiyo, kuanzia 2012, alikuwa Paul Otuoma, mbunge wa Funyula tangu alipomwangusha Makamu wa Rais Moody Awori mwaka 2007.

Tangu Machi 4, 2013, mkazi wa Funyula hupewa karatasi sita za kura, mojawapo ya gavana. Wadi nne, yaani Namboboto/Nambuku, Nangina, Ageng'a/Nanguba na Bwiri, hupeleka madiwani wao katika bunge la kaunti lenye wadi 35.

Gavana wa kwanza, Sospeter Ojaamong wa chama cha ODM, ni Mteso. Mwaka 2017 Otuoma aliukataa mchujo wa chama hicho, akawania kama mgombea huru na kushindwa. Kesi yake mahakamani nayo haikufua dafu. Ojaamong alipomaliza mihula miwili inayoruhusiwa, Otuoma alirudi na tiketi ya ODM na kushinda Agosti 9, 2022. Mgombea mwenza wake, Arthur Odera, aliwahi kuwa mbunge wa Teso Kaskazini. Huku Busia, tiketi isiyounganisha Waluhya na Wateso huanza safari ikichechemea.

Kilichopotea ni kura ya mji. Manispaa ya Busia sasa ina bodi ya kuteuliwa, na mwenye kibanda sokoni hana meya wa kumpigia wala kumnyima kura. Brisbane, nchini Australia, wakazi humchagua meya moja kwa moja, ingawa katika halmashauri kadhaa za New South Wales kazi hiyo bado ni ya madiwani. Wala hakuna haja ya kwenda mbali: ukivuka mpaka tu, Busia ya Uganda humpigia meya wake kura. Siasa za Wasamia zenyewe hazikuwahi kuujali sana mpaka huo. Moody Awori alipokuwa mbunge wa Funyula, ndugu yake Aggrey alikuwa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, upande wa Uganda.