Masomo ya msingi ya bure: feza ya mwalimu inatoka wapi?

Kila mwezi wa tisa, mashule yakifunguliwa, swali ni lile lile katika nyumba nyingi za Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika. Kama masomo ya msingi ni ya bure, juu ya nini mtoto anarudishwa nyumbani kutafuta feza? Mzazi anaambiwa ni feza ya chaki, ya mlinzi ao ya mitihani. Mwalimu anasema hajalipwa. Serikali inasema imelipa. Watafiti waliochunguza mashule ya Congo kwa miaka mingi wanasaidia kuelewa namna gani wote watatu wanaweza kusema kweli kwa wakati mmoja.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika mashule ya serikali. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilirudilia jambo hilo.

«Mashule ya serikali» si zile tu ambazo serikali inasimamia yenyewe. Mashule ya mkataba yanaingia pia: ya Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu na wengine. Serikali ya Zaire ilinyanganya makanisa mashule hayo mwaka 1974, kisha ikarudisha usimamizi wake kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977. Tangu hapo, kanisa ndilo linasimamia shule, na serikali ndiyo inapashwa kulipa walimu.

Kile ambacho bure haigusi: shule za watu binafsi, shule za watoto wadogo, mwaka wa saba na wa nane, na masomo ya sekondari. Uniforme, kaye na biki ni mzazi anatafuta. Ndiyo maana wazazi wengi wanashtuka mtoto akimaliza mwaka wa sita: mwaka unaofuata, malipo yanaanza.

Prime ya wazazi ilizaliwa namna gani

Katika miaka ya 1980, serikali ilipunguza sana feza ya elimu. Mwanzo wa miaka ya 1990, feza ya Zaire ikapoteza bei, mshahara wa mwalimu haukuweza tena kulisha jamaa, na migomo ikafunga mashule. Ili watoto warudi darasani, wazazi na kanisa Katoliki walipatana kwamba mzazi atoe kitu kidogo cha kumsaidia mwalimu. Mashule mengine yakafuata.

Ilikuwa dawa ya muda mfupi, mpaka serikali ianze tena kulipa vizuri. Dawa hiyo ilikaa zaidi ya miaka 25. Prime ikawa ndiyo mshahara wenyewe, na wazazi wakawa ndio wanabeba zaidi ya nusu ya feza yote ya elimu katika inchi.

Franga ya mzazi ilikuwa inafika wapi

Wazazi wengi waliamini feza yao inabaki kwa mwalimu. Kristof Titeca na Tom De Herdt, watafiti wa Chuo Kikuu cha Antwerpen huko Ubelgiji, walifuata njia ya feza hiyo. Walionyesha kwamba sehemu ilikuwa inapanda ngazi kwa ngazi. Mkuu wa shule alipata sehemu yake. Sehemu ingine ilienda kwa koordinasyo ya kanisa, ingine kwa biro ya elimu ya mtaa, na ingine mpaka jimboni. Hesabu ya kugawanya ilijulikana, na mara nyingi iliandikwa kwenye karatasi ya serikali yenyewe.

Kuna wizi katika njia hiyo, hakuna anayekataa. Lakini haikuwa wizi tu. Biro nyingi za elimu hazikuwa zinapata feza ya matumizi kutoka Kinshasa. Inspekta alitoka kutembelea shule kwa franga ya wazazi. Karatasi za mitihani, usafiri, ripoti, hata mishahara ya watumishi wasiojulikana na serikali, yote yalitoka kwenye mfuko huo mmoja. Kwa kifupi, mzazi wa Walungu ao wa Beni hakulipa mwalimu peke yake. Alilipa pia ofisi zinazomsimamia mwalimu.

Hapo ndipo ugumu wa masomo ya bure unapoanza. Ukisimamisha malipo ya mzazi, unafungua tundu katika kila ngazi ya nyumba hiyo. Tundu lisilozibwa na serikali litatafuta mzazi tena, kwa jina lingine.

Jambo hilo lilionekana mapema. Mwaka 2010, serikali ilitangaza bure kwa darasa la kwanza mpaka la tatu, isipokuwa Kinshasa na Lubumbashi. Katika mashule mengi malipo yaliendelea, maana hakuna kilichoingia pahali pa prime.

Mwaka 2019: tangazo kubwa

Mwezi wa nane 2019, serikali ya Rais Félix Tshisekedi iliita mkutano Kinshasa juu ya gratuité, kama watu wengi wanavyoiita. Mwezi wa tisa, mashule yalifunguliwa bila prime. Serikali iliahidi mambo matatu: kuongeza mshahara, kuingiza kwenye orodha walimu wasiolipwa, na kutuma feza ya matumizi kwa mashule na biro. Mwezi wa sita 2020, Banki ya Dunia ilikubali programu ya dola milioni 800 kusaidia kazi hiyo.

Tunda la kwanza lilionekana darasani. Serikali inasema watoto zaidi ya milioni 4 waliingia ao walirudi shuleni. Kwa jamaa lenye watoto watano ao sita, iliisha ile hesabu ya kuchagua nani asome na nani abaki shambani. Mara nyingi aliyekuwa anabaki ni msichana.

Lakini majengo hayakuongezeka kwa mwendo ule ule. Pahali pengi watoto walijazana, benchi la watatu likakaliwa na watano, na darasa moja likapita wanafunzi mia. Wazazi wa muji wenye uwezo walihamisha watoto kwenye shule za watu binafsi.

Walimu watatu, hali tatu

Kuuliza kama bure ni nzuri ao mbaya kwa «mwalimu» hakutoshi, maana walimu hawakuwa katika hali moja.

Wa kwanza ni mwalimu wa kijiji aliye kwenye orodha ya serikali. Wazazi wake walikuwa wanalipa kidogo sana, wakati mwingine kwa mihogo ao maharagi. Mshahara ulipoongezeka, huyo alipata faida.

Wa pili ni mwalimu wa muji, tuseme wa Bukavu ao wa Goma, katika shule yenye sifa. Prime yake ilikuwa inapita mshahara wa serikali. Mwezi wa tisa 2019 alipoteza sehemu kubwa ya mapato yake kwa siku moja, huku kodi ya nyumba ikibaki vile vile. Ndiyo maana mgomo wa Kivu ya Kusini mwaka ule ulikuwa mkali katika mashule ya muji.

Wa tatu ni mwalimu anayeitwa NU, maana yake yuko kazini lakini jina lake halijaingia kwenye malipo. Kumwelewa, lazima kujua ngazi ambazo shule inapanda. Kwanza inakubaliwa kwa uamuzi wa serikali. Kisha inaandikwa na idara inayohesabu walimu, SECOPE ya zamani ambayo leo inaitwa DINACOPE. Mwishowe inaingia kwenye bajeti. Shule inaweza kukaa miaka mingi kwenye ngazi ya kwanza ao ya pili. Mwalimu NU alikuwa anaishi kwa prime tu, na bure ilimwondolea hata hiyo. Wengi wameingizwa kwenye malipo tangu 2019, lakini kila shule mpya inayofunguliwa inaleta walimu NU wapya.

Hivi, serikali ikisema «walimu wamelipwa», inasema juu ya walio kwenye orodha. Shule ikisema «walimu hawajalipwa», mara nyingi inasema juu ya wale wa tatu. Na mzazi anayeombwa franga anaziba tundu lililo kati ya maneno hayo mawili.

Uzito wa mashariki

Katika majimbo ya mashariki, vita inaongeza mzigo. Jamaa zinakimbia, shule inahamia pahali pengine ao inachanganywa na shule ya wenyeji, na mwalimu anabaki mbali na pahali jina lake limeandikwa. Tangu mwaka 2011 serikali ilianza kulipa watumishi kupitia benki, na kule benki haifiki, Caritas ilisaidia kupeleka mishahara. Mwanzo wa 2025, M23 ilipochukua Goma kisha Bukavu, benki zilifunga milango, na hata mwalimu aliye kwenye orodha akakuta njia ya mshahara wake imekatika.

Mzazi anaweza kuuliza nini

Katika shule ya serikali ao ya mkataba, mtoto wa shule ya msingi hapashwi kufukuzwa juu ya prime. Lakini kugombana na mwalimu mlangoni hakuonyeshi tundu liko wapi. Komite ya wazazi ina haki ya kuuliza mkuu wa shule, katika mkutano, maswali machache:

– Shule yetu iko kwenye ngazi gani: imekubaliwa tu, imeandikwa, ao iko kwenye bajeti?
– Walimu wangapi wanalipwa, na wangapi ni NU? Tangu mwaka gani?
– Feza ya matumizi kutoka serikali ilifika mara ya mwisho mwezi gani?
– Malipo yanayoombwa yameamuliwa na nani, kwa karatasi gani, na ni sehemu gani inatoka nje ya shule?

Majibu yakiandikwa na kutiwa sahihi, komite inajua pa kuyapeleka. Kama shida ni walimu NU, barua inaenda DINACOPE. Kama ni feza ya matumizi, inaenda biro ya elimu ya mtaa na ya jimbo. Na kama sehemu ya malipo inatoka nje ya shule, barua inaenda kwa yule anayeipokea, ikiulizia sheria inayomruhusu kuichukua.