Homa ya Ini Haingoji Arobaini

Unguja, ukitaja kinga ya homa ya ini, watu hukumbuka maji na mikono. Kwa Mangapwani wana haki. Kijiji kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye vitundu tele. Pango lake maarufu lina maji baridi chini kabisa, na uchafu wa choo cha shimo hauna udongo mzito wa kuuchuja kabla haujafika kisimani. Virusi vya aina A na E hupita humo. Maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni; hapo sina ubishi.

Aina B lakini haipiti kisimani. Hukaa katika damu, na mama huweza kumwambukiza mwanawe wakati wa kujifungua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi nayo na milioni 1.1 walikufa kwayo. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvishinda virusi. Watoto wanaoambukizwa wakizaliwa, takriban 90 kati ya 100 hubaki navyo, na wengine huja kupata saratani ya ini ukubwani, wakiwa na wana wa kulea.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi ya aina B mwaka 2002. Ratiba iliyozoeleka ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 6 ni siku 42: mzazi ametoka arobaini, anamfunga mtoto kanga na kwenda kliniki. Ratiba imeoana vyema na mila zetu, na huenda ndiyo maana hatuihoji. Ila kwa mtoto aliyeambukizwa uzazini, siku hizo 42 ni kuchelewa. Tangu 2009 Shirika hilo linashauri kila mtoto achanjwe ndani ya saa 24. Barani Afrika ni watoto 18 tu kati ya 100 wanaoipata dozi hiyo.

Nashikilia kuwa jambo hili liko ndani ya uwezo wetu. Anayezaliwa kituoni hudungwa BCG mkononi na kutiwa matone ya polio. Muuguzi yupo, jokofu lipo. Kinachotakiwa ni chanjo ya B peke yake, maana ile ya mchanganyiko wa tano haifai kwa mtoto wa siku moja, na mjamzito apimwe mapema. Kwa wanaozaliwa nyumbani, mkunga wa jadi ashirikishwe: yeye ndiye anayejua usiku huohuo kwamba mtoto kazaliwa.

Siku ya saba huja akika na kunyoa nywele. Virusi vya B huishi kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo wembe wa jirani usiazimwe. Wembe mpya kwa kila mtoto, na kwa kila anayeumikwa mgongoni, hukinga pia dhidi ya aina C, ambayo hadi leo haina chanjo.