Lindi, Masasi, Newala: Njia ya Nyumba Zenye Kuitikia

Mwezi Julai 1906, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, Ujerumani, alitoka Lindi na msafara wa wapagazi kuelekea Masasi, kisha akapanda Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde. Kitabu alichokitoa mwaka 1908 ndicho kilichonifanya niifuate njia hiyo. Nilitaka kujua nyumba za huku ziliitikiaje jua, upepo na hatari.

Siku hizi wasanifu wa majengo wanajivunia kuta zinazojiendesha. Jengo la Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu mjini Paris, kazi ya Jean Nouvel na wenzake iliyokamilika mwaka 1987, lina paneli 240 upande wa kusini, zenye matundu yanayotanuka na kubana kama mboni ya jicho kufuata mwanga. Abu Dhabi, minara miwili ya Al Bahr ya mwaka 2012 imevikwa miavuli zaidi ya 1,000 kila mmoja. Kompyuta huikunjua jua linapoufikia upande ule na kuikunja linapopita. Wazo la miavuli hiyo limetoka kwenye mashrabiya, wavu wa mbao wa nyumba za Waarabu. Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa sana: madirisha ya Mji Mkongwe, Zanzibar, yana vibao vya mbao vinavyokinga jua na kupitisha upepo, na mwenye nyumba huyafungua na kuyafunga kwa saa anayoijua.

Bara, kilichotangulia kuitikiwa ni adui. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji chini ya majabali. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huku Magwangwara, walikivamia kijiji hicho, wakaua na kuteka watu. Baadaye mmisionari Chauncy Maples akakihamishia kituo cha misheni Newala. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi ikachomwa moto. Weule alipita mwaka mmoja tu baadaye.

Ndiyo maana, nilipokisoma kitabu chake huku nikiipita nchi aliyoipita, nilisimama kwenye picha za milango ya Wamakonde. Ameonyesha namna ya kale ya kuukinga mlango kwa miti, na komeo la mbao lenye ufunguo wake wa mbao. Katika nyumba ya nyasi na udongo isiyo na madirisha makubwa, mlango ndio uliokuwa sehemu ya ukuta inayotembea. Ulifungwa kwa hofu, ulifungwa kwa baridi, ulifunguliwa kwa mgeni. Kazi nyingine ilifanywa na upenu ulioshuka chini, ukaziweka kuta kivulini na kukinga mvua.

Newala hali ya hewa yenyewe inamfundisha mjenzi. Mtu akisimama ukingoni na kulitazama bonde la Ruvuma, upepo unampiga moja kwa moja. Miezi ya kipupwe, asubuhi huja na ukungu. Masasi, chini, majabali hunywa joto mchana na kulitoa usiku. Nyumba ya aina moja haiwezi kufaa sehemu zote mbili bila kitu cha kufungua na kufunga.

Lakini nyumba ya aina moja ndiyo tunayoijenga kote sasa. Nyumba mpya za njia hii ni za tofali na bati, upenu mfupi, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata yakifunguliwa yote nusu yake hubaki kioo. Uimara wake ni neema kwa watu waliochomewa nyumba vizazi vilivyopita, wala simwombi mtu arudi kwenye nyasi. Ninachodai hakihitaji kompyuta: upenu mpana, matundu ya kutolea hewa moto chini ya bati, na dirisha la mbao lenye vibao upande wa jua la jioni. Maseremala wa kuvichonga hatujawakosa. Fedha za korosho zinazojenga Masasi na Newala zinatosha kuwalipa, ikiwa mwenye nyumba ataagiza vitu hivyo kabla fundi hajapiga msingi.