UZI: Kwa nini kesi za kodi ya nyumba haziishi Kenya

1/ Kampeni zikianza tu, kodi ya nyumba inarudi jukwaani. Huyu anasema sheria inabeba wapangaji. Yule anasema landlodi ni mfalme. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, kwa sababu tuna sheria tatu, na kila moja ilitungwa kwa shida ya enzi yake. Twende polepole.

2/ Sura ya 293 tuliirithi kwa Waingereza. Landlodi anayedai kodi anaweza kutuma dalali mwenye leseni akamate vitu vya mpangaji kabla hata ya kushinda kesi. Uingereza yenyewe iliacha kuitumia kwa nyumba za kuishi mwaka 2014. Sisi tumebaki nayo.

3/ 1959, mkoloni akikaribia kufunga virago, ikaja Sura ya 296 ya nyumba za kuishi. Iliweka jopo la kupanga kodi. Mpangaji hatolewi bila amri, na kumsumbua ili ahame ni kosa la jinai. Lakini inahusu tu nyumba ambayo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Na kama nyumba ilikuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981, kipimo ni kodi ya siku hiyo. Ndio, 1981.

4/ Sasa jiulize, 2,500 leo inakupatia keja gani? Mpangaji wa bedsita ya 15,000 kwa kawaida yuko nje ya ulinzi huo. Anabaki na mkataba wake (kama upo), Sheria ya Ardhi ya 2012 na mahakama za kawaida, ambako kesi ina gharama na foleni.

5/ 1965, serikali changa ya uhuru ikaleta Sura ya 301 ya maduka, hoteli na mikahawa. Lengo: mfanyabiashara asifurushwe wala kunyonywa. Kama hamkuandikiana, au mkataba ni wa miaka isiyozidi 5, mpangaji analindwa. Kumtoa au kumwongezea kodi kunataka notisi kwa fomu rasmi, yenye sababu, isiyopungua miezi 2. Akipinga kwa jopo ndani ya muda, anakaa mpaka liamue.

6/ Hapo ndipo mwekezaji huumia. Amechukua mkopo, amenunua jengo lenye maduka, anataka wapangaji wapya. Anaandika barua ya mwezi mmoja, kisha anapiga kufuli. Jopo likisema notisi ni batili, kufuli inatoka na anaanza upya. Benki nayo haingoji. Kumbuka pia: kununua jengo hakumalizi upangaji ulioukuta ndani.

7/ Shida nyingine ni kubisha mlango usio wako. Nyumba ya 20,000 ikipelekwa kwa jopo la wale wa 2,500, kesi inaweza kutupwa kwa kukosa mamlaka, hata kama haki ni yako. Miezi imeenda, wakili amelipwa, na hakuna aliyesikiliza kiini cha mzozo.

8/ Mswada wa 2007 na ule wa 2021 ilitaka kuweka nyumba za kuishi na za biashara chini ya sheria moja. Hakuna uliofika mwisho. Na si ajabu: landlodi ni wapiga kura, wapangaji pia ni wapiga kura, na waheshimiwa wengi wana ploti zao.

9/ Kwa hivyo mgombea akikwambia "nitalinda mwananchi", muulize maswali matatu. Ile 2,500 utaweka ngapi? Nani ataibadilisha bei zikipanda, tusingoje miaka mingine 40? Na mzozo wa kodi utaamuliwa kwa siku ngapi? Hilo la tatu linamgusa landlodi mwenye mkopo sawasawa na mama aliyefungiwa nyumba na watoto wakiwa nje. Asipokuwa na jibu, ujue ile ni hotuba tu.