Nzango: mchezo wa miguu ambao wamama wanaweza kuurudilia nyumbani

Nzango ni mchezo wa kuruka, kupiga makofi, kuimba na kutupa mguu mbele, yote kwa mpigo moja. Wasichana wanaucheza pande zote mbili za mto Congo, Kinshasa na Brazzaville, na huku Katanga pia. Hauombi mpira wala moto wa umeme. Lupango iliyofagiwa muzuri inatosha.

Hapa Mulongo, katika teritware ya Malemba-Nkulu, jimbo la Haut-Lomami, wamama wengi waliucheza wakiwa watoto, kisha wakauacha. Makala hii inaeleza mchezo wenyewe, sababu za kuuacha, na namna mtu anaweza kuurudilia kisha miaka mingi bila kujiumiza.

Namna unachezwa

Makundi mawili yanasimama yakitazamana. Kila kundi linatuma mchezaji mmoja katikati. Wenzao wanapiga makofi na kuimba, wao wawili wanaruka kwa kufuata wimbo, na kwa mpigo wa mwisho kila mmoja anatupa mguu mbele. Hapo ndipo pointi inatoka.

Mbele ya kuanza, makundi yanagawana namna ya kushinda. Kundi la kwanza linachukua mguu sawa: kama wote wawili wametupa wa kuume, ao wote wawili wa kushoto, pointi ni yao. Kundi la pili linachukua mguu mbalimbali: mmoja kuume, mwengine kushoto. Ni rahisi kujichanganya, juu wachezaji wanatazamana. Miguu ikikutana upande moja, kumbe ni wa kuume wa huyu na wa kushoto wa yule. Ndiyo maana ni vizuri mtu mmoja asimame pembeni kwa kuhesabu.

Mshindi hapa si mwenye nguvu mingi. Mpigo unalazimisha wote wawili kutupa mguu pamoja, na yule anayekawia kidogo ili aone mguu wa mwenzake ameharibu mchezo. Ujanja wa halali uko pengine. Mtu hawezi kutupa mguu ule uliobeba uzito wake. Kwa hiyo mchezaji mzoefu anaangalia namna mwenzake anatua chini, na yeye mwenyewe anaficha kutua kwake hadi dakika ya mwisho.

Kutoka lupango hadi michezo ya Afrika

Huko Congo-Brazzaville nzango iliandikiwa sheria na kufanywa sport kamili, na wachezaji 11 kwa kila timu. Mwezi wa 9 mwaka 2015, Brazzaville ilipokea Michezo ya Afrika, miaka 50 kisha ile ya kwanza iliyofanyika palepale mwaka 1965. Nzango iliingizwa kama mchezo wa maonyesho. Wachezaji walikuwa wanawake wakubwa, si watoto wa masomo. Kinshasa pia kuna timu za wanawake wakubwa. Kwa hiyo mama anayeambiwa kwamba anacheza mambo ya watoto ana jibu la kutoa.

Kwa nini watu wanaacha

Sababu ya kwanza ni maisha. Msichana anaolewa, anazaa, na saa ya mangaribi iliyokuwa ya kucheza inakuwa saa ya kutwanga mihogo, kupika bukari na kuosha watoto. Sababu ya pili ni vita. Katika miaka ya 2000, mapigano kati ya jeshi na Maï-Maï yalikimbiza familia nyingi katika Katanga ya kati. Mtoto anayelala kila mwezi mahali pengine anapoteza kundi lake, na nzango bila kundi inakufa.

Sababu ya tatu watu hawaisemi kwa sauti: kisha kuzaa, kuko wamama wanaopotewa na mkojo wakiruka. Mara nyingi ni misuli ya chini iliyolegea, si laana wala aibu. Inasaidiwa na mazoezi ya kukaza ile misuli, sawa vile mtu anavyozuia mkojo, mara kadhaa kila siku kwa miezi. Lakini kama mkojo unatoka bila kukatika tangu uzazi wa taabu, inaweza kuwa fistula. Huo ni ugonjwa unaotibiwa kwa upasuaji, na mama anapaswa kwenda kumuona munganga, si kujificha nyumbani.

Wengine wanarudi vilevile

Jambo hili si la Mulongo peke yake. Mwaka 1998, kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mashine inayoitwa Dance Dance Revolution. Mchezaji anasimama juu ya jukwaa, mishale inapanda kwenye skrini, naye anakanyaga upande unaoonyeshwa kwa kufuata muziki. Baadaye ikatoka ya nyumbani, na mkeka wa kukanyagia. Waliocheza wakiwa vijana, leo wakiwa na kazi na watoto, wengine wanaurudilia kwa furaha na kwa kutokesha jasho. Wanakuta jambo moja: miguu inakumbuka mpigo haraka, lakini pumzi na viungo vinakawia. Mwenye nzango atakuta vilevile. Hatari iko hapo, juu kichwa kinaamuru mwili ufanye mambo ya miaka kumi na miwili.

Namna ya kurudilia

Juma la kwanza, bila kuruka. Kupiga makofi, kuimba, na kutupa mguu huku mguu mwengine ukibaki chini. Dakika kumi zinatosha, siku tatu kwa juma, na siku ya kupumzika katikati.

Juma la pili na la tatu, kuruka kidogo tu, kutua kwa vidole vya mguu kwanza na magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Anayetua kwa kisigino anapeleka pigo lote katika goti na mgongo.

Juma la nne, mchezo kamili, lakini kwa zamu fupi: mmoja acheze, mwengine apumzike.

Mahali ni jambo kubwa. Udongo uliofagiwa ni muzuri kuliko sima. Mchanga mwingi unachosha kifundo, na mawe yanakipindisha. Kikwembe kifungwe juu, ao mtu avae suruali chini yake. Viatu visivyoshika kisigino vivuliwe.

Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri watu wakubwa wafanye dakika 150 hadi 300 za kutumikisha mwili kwa juma. Kazi ya shamba inahesabiwa. Lakini mama anayekaa nyuma ya meza ya samaki tangu asubuhi hadi jioni hatumikishi mwili mingi, na kwake nzango ya dakika ishirini ni kitu.

Mwenye mimba, aliyezaa juzi, mwenye shinikizo la damu ao maumivu ya kifua aulize kwanza kwenye kituo cha afya. Na mtu yeyote akisikia kizunguzungu ao kifua kubana, aache palepale.

Nani wa kucheza naye

Haiombi watu 22. Wawili wanatosha kuanza, na wengi wana mpinzani tayari katika nyumba: binti yao. Tatizo litakuwa nyimbo. Wasichana wanabadilisha nyimbo kila mara, na mama atakuta zile anazojua hazijulikani tena. Afazali akubali kufundishwa za leo, kisha afundishe zake za Kiluba. Hizo mara nyingi hazikuandikwa pahali popote. Zilipita kwa mdomo, kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, katika mchezo huu huu. Mama akiacha kucheza, wimbo wake unabaki na yeye tu.